Adabu Mbele ya Lahaja ya Bibi na Babu wa Kusini mwa Marekani

Lahaja ni namna ya kusema lugha iliyo mali ya watu wa eneo fulani, yenye msamiati wake, matamshi yake na hata kanuni zake za sarufi, na kwa sababu hiyo haifai kuchanganywa na lafudhi, ambayo ni matamshi peke yake. Kiingereza cha majimbo ya Kusini mwa Marekani, kuanzia Virginia na Carolina zote mbili hadi Georgia, Alabama, Mississippi na mashariki ya Texas, ni lahaja kwa maana hiyo kamili, tena si moja, kwani watu wa milima ya Appalachia hawasemi kama watu wa pwani. Wajukuu wengi waliokulia mbali na Kusini huyakumbuka maneno ya wazee wao kwa mapenzi makubwa. Hata hivyo mapenzi peke yake hayamfanyi mtu kuwa na adabu.

Kosa lililoenea zaidi ni kumsahihisha mzee. Bibi wa Tennessee, ambaye wajukuu humwita Mamaw na mumewe Papaw, akisema "I might could help you", mjukuu msomi hukimbilia kumwambia kwamba vitenzi visaidizi hivyo viwili havikai pamoja. Havikai katika vitabu vya shule. Ama katika vinywa vya watu wa milimani vimekaa vizazi na vizazi, na wataalamu wengi huvihusisha na wahamiaji wa asili ya Uskoti waliotoka Ulster katika karne ya 18. Tena vina kazi yao, kwa kuwa "could" ikisimama peke yake huwa karibu na ahadi, ilhali "might could" hulilegeza neno, ili mwombaji asiaibike na mwombwaji asibanwe, kama Mswahili anavyosema "huenda nikaweza, Mungu akijaalia". Anayeusahihisha usemi huo huung'oa upole uliomo ndani yake.

Vilevile inampasa mjukuu aelewe kabla ya kucheka. Kwa wazee wengi wa Kusini "dinner" ni chakula cha mchana na cha usiku huitwa "supper", kwa hiyo mgeni aliyealikwa "dinner" ya Jumapili akatokea saa moja jioni hukuta vyombo vimekwisha kuoshwa na mwenyeji amenuna kimyakimya. Babu akiomba "carry me to the store", hataki kubebwa mgongoni, anataka kupelekwa dukani. Na kwa kuwa "pin" na "pen" hutamkwa sawasawa na wengi wao, mzee huomba "ink pen", yaani kalamu ya wino, asije akaletewa pini. Huo ni uangalifu, wala si ujinga, na kumwigiza mbele ya wageni ni utovu wa adabu hata kama mwenyewe atacheka pamoja nao.

Heshima ya Kusini hukaa zaidi katika kuitikia. Mtoto humjibu mkubwa "yes, ma'am" kwa mwanamke na "yes, sir" kwa mwanamume, na mwaka 1999 jimbo la Louisiana lilifikia hatua ya kuwalazimisha kwa sheria wanafunzi wa shule za msingi wawajibu hivyo walimu wao (ingawa heshima inayosubiri sheria huenda imekwisha kuchelewa). Lakini historia ya maneno hayo si tamu yote. Katika miaka ya ubaguzi Wazungu waliwaita wazee Weusi "Uncle" na "Aunt", maneno yenye sura ya undugu, ili tu wasiwape heshima ya "Mister" na "Missus". Mary Hamilton, mwanaharakati Mweusi aliyeitwa kwa jina lake la kwanza mahakamani huko Gadsden, Alabama, mwaka 1963, alikataa kujibu mpaka aitwe "Miss Hamilton". Akahukumiwa kwa kuidharau mahakama, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo mjukuu anayetamani kurithi kila neno la babu yake aulize kwanza lilikuwa likiambiwa nani.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Wagullah, wazao wa watumwa katika visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia, walidhaniwa kwa muda mrefu kuwa wanasema Kiingereza kibovu tu, kwa sababu waliowachunguza walikuwa wageni waliosemeshwa kigeni. Lorenzo Dow Turner, mtaalamu Mweusi mzaliwa wa North Carolina, alianza miaka ya 1930 kuwarekodi wazee hao kwa subira, na katika kitabu chake cha mwaka 1949 alionyesha maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika, mengi yakiwa majina ya nyumbani ambayo mgeni hatajiwi. Hata nje ya visiwa hivyo maneno ya Kiafrika yamebaki: sehemu nyingi za Kusini karanga huitwa pia "goober", neno linalotokana na "nguba" la Kikongo, na mchuzi maarufu wa Louisiana uitwao "gumbo" unafikiriwa kupata jina lake kutokana na neno la Wabantu wa Angola lenye maana ya bamia.

Wakati wa kuagana, babu wa milimani aliyekwenda kutembelea watu huweza kumwambia mwenyeji wake "come go home with us", bila kutegemea kukubaliwa. Jibu linalotakiwa ni kumsihi yeye alale hapohapo, kisha wote wawili husimama barazani nusu saa nyingine wakizungumza.