Usiku Ambao Samaki Hawakufa

Mtu akikuambia samaki wake wamekufa hivi hivi tu, muulize alifanya nini baada ya kufa yule wa kwanza. Mara nyingi hapo ndipo ulipoanza msiba wenyewe. Nasema haya kwa sababu nimezika samaki 13 chini ya mpapai wa nyumbani kwangu Dar es Salaam, katika masika moja, na kwa hesabu yangu 9 kati yao niliwaua mimi. Sikuwaua kwa uzembe. Niliwaua nikiwaokoa.

Walikuwa 17, ukoo mmoja, asili yao Ziwa Tanganyika. Ni samaki wembamba, rangi yao kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na mapezi yao huishia kwa ncha ndefu kama nyuzi. Wataalamu huwaita Neolamprologus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa hilo kwenda ng'ambo kutokea Bujumbura. Mimi niliwapendea tabia kuliko umbo. Wazazi wakitaga tena, watoto wakubwa hawaondoki nyumbani. Hubaki kulinda mayai na wadogo zao, kuzoa mchanga kwa midomo yao ili pango lisizibe, na kumfukuza kila anayesogea, hata kidole changu kilicho nje ya kioo. Wageni walikuwa wakija kwangu wanaacha kuangalia televisheni, wanawaangalia wao.

Tangi lilikuwa la lita 200, sebuleni, karibu na dirisha. Kwenye rafu ya pembeni ilikaa pampu ya hewa, kiboksi kinachonguruma usiku na mchana, na mpira wake mwembamba ukiteremka hadi chini kwenye jiwe linalotoa mapovu. Maji ya Tanganyika yana madini mengi na pH yake inakaribia 9, kwa hiyo chini ya tangi nilitandaza kokoto za chokaa na pH ikatulia kwenye 8.4. Namba hiyo nilikuwa nikijivunia. Baadaye ikaniumbua.

Mwezi wa Aprili mama mkwe wangu akaja kutoka Tanga kutibiwa macho. Mvua zilikuwa zimeshika, madimbwi kila upenu, mbu wa kugombana nao. Jumanne moja asubuhi nikakuta samaki wawili wanaelea. Wa tatu alikuwa akizunguka ubavu ubavu huku anatetemeka, mfano wa mtu aliyeshikwa na degedege.

"Pole, baba," mama mkwe akaniambia. "Huenda ni jicho hilo. Watu wanawasifia mno."

Nikacheka kwa adabu, nikaenda kuchukua vipimo. Ninavyo vile vya matone, unatia maji kwenye kichupa, yanabadilika rangi, unalinganisha na kadi. Amonia sifuri. Naitraiti sifuri. Naitreti kidogo tu, ya kawaida. pH 8.4 kama jana. Maji yalikuwa yanajitetea waziwazi kwamba si yao, na mimi nikawa kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu kabla ya kesi. Nilishajua kwamba samaki wakifa kosa ni maji. Basi nikamwaga nusu ya tangi na kulijaza moja kwa moja kutoka bombani.

Harufu ya klorini niliisikia, siwezi kudanganya. Klorini huwekwa kwenye maji ya bomba iue vijidudu, nayo haina macho ya kuchagua. Ikimkuta samaki humuunguza matamvua anayopumulia. Maji hayo hayo ukiyaacha kwenye ndoo wazi usiku na mchana mmoja, klorini hiyo huondoka yenyewe. Nilikuwa nalijua hilo, nimelifanya miaka miwili bila kukosa. Lakini hofu ilinishika mkono. Ilipofika alasiri samaki 4 walikuwa juu wakihema, na kabla ya magharibi wote wanne walikuwa wameondoka.

Pakatulia siku tatu. Ijumaa ikanyesha mvua kubwa, na Jumamosi asubuhi wengine wawili chali. Hapo nikajiona mpelelezi. Mvua inanyesha, samaki wanakufa. Basi mvua imeleta uchafu, na uchafu hukaa wapi kama si kwenye chujio? Nikalitoa sifongo la chujio, nikalipeleka bombani, nikalisugua hadi likarudi na rangi yake ya dukani.

Anayefuga samaki akisoma sentensi hiyo atashika kichwa. Ule utelezi wa kahawia ndani ya sifongo ndio mtambo wenyewe. Wamo bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi na chakula kilichooza kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia. Kwenye tangi jipya bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Mimi niliwafuta kwa dakika tano. Sifongo husuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, kidogo tu, likirudi bado lina uchafu wake.

Baada ya siku mbili nikapima tena. Sasa amonia ilikuwapo kweli, niliileta mwenyewe. Na hapo ndipo 8.4 yangu iliponigeuka. Amonia iliyomo majini ina sura mbili, moja ya upole na moja ya sumu, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Maji yakiwa na pH 7, sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8.4, kwa joto letu la Dar, inapita asilimia 10. Kiasi ambacho kisingemtisha kambale wa kwenye tope kiliwamaliza samaki wangu 5, akiwemo mama wa ukoo. Nilimkuta mdomoni mwa pango lake. Watoto wake wakubwa wawili walikuwa bado wanafukuza hewa.

Nikabaki na 4, na akili ikawa imekwisha. Nikanunua chupa ya dawa ya buluu, sijui ya kutibu nini. Namshukuru Mungu kwamba njiani nilipita kwa mzee mmoja anayetengeneza matangi ya vioo, ambaye amefuga samaki tangu mimi sijaoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini hicho?"

Nikamwonyesha.

"Wanaumwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Sasa dawa ya nini?" Akaichukua ile chupa, akaiweka nyuma ya kiti chake kama mtu anayemnyang'anya mtoto kiberiti. Halafu akaanza kuniuliza. Walikufa mmoja mmoja au kwa mkupuo? Wana madoa, pamba, vidonda? Mashavu yao yana rangi gani? Yakiwa ya kahawia, kama damu iliyochacha, mshuku naitraiti. Wanahema juu, au wanarukaruka na kutetemeka? Wadogo ndio waliotangulia, au wakubwa? Mengi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeangalia vipimo, sikuwa nimeangalia samaki.

"Ugonjwa hupiga hodi," akasema. "Huyu anaacha kula, yule anajikuna kwenye jiwe, siku zinapita. Hawa wako wanalala wazima, wanaamka maiti. Hiyo ni sumu. Nenda kanunue daftari."

Masharti yake yalikuwa machache. Kila siku ndoo moja tu ya maji yaliyolala, kupunguza amonia. Chakula kidogo kabisa. Dawa yoyote marufuku. Na kila asubuhi na jioni niandike kilichotokea ndani ya nyumba, si ndani ya tangi peke yake: mvua, umeme, mapishi, usafi, wageni. Akarudia mara mbili kwamba nisibadilishe mambo mawili kwa siku moja, maana samaki wakipona sitajua kilichowaponya, na wakifa sitajua kilichowaua.

Nikaandika siku saba. Daftari hilo ninalo hadi leo, na sehemu kubwa haina maana: samaki wa kukaanga, fundi wa feni, mtoto amevunja kikombe. Siku ya tatu nimeandika kwamba imenyesha, umeme umekatika saa 12 jioni, umerudi saa 4 usiku, samaki wazima. Siku ya tano nimeandika kwamba imenyesha, umeme upo, samaki wote 4 wanatetemeka alfajiri, mmoja amelala ubavu, amezinduka adhuhuri. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, kuna neno nililoliandika mara tatu bila kulifikiria: mbu wanaelea juu ya maji, nimewatoa kwa kijiko.

Mzee alisoma polepole, akaweka kidole kwenye siku ya tatu.

"Usiku huu pampu ilizimika."

"Ndiyo, umeme ulikatika."

"Samaki wakikosa hewa saa nne nzima, asubuhi wangekuwa hoi. Wako hawakuwa hoi. Usiku ambao pampu imefanya kazi ndio wameumwa." Akanyamaza nimfikie. Sikumfikia. "Hiyo pampu inavuta hewa ya wapi?"

"Ya sebuleni."

"Na sebuleni mnapuliza nini?"

Nikaapa hatupulizi kitu. Nilikuwa narudi kutoka kazini saa 2 usiku, nyumba inanukia ubani, kila kitu mahali pake. Nilipofika nyumbani nikawauliza watoto, nao wakanishangaa mimi. Mbona Bibi hupuliza dawa ya mbu kila mvua ikinyesha? Hufunga madirisha kabla ya magharibi, hupuliza pembe zote, kisha wote wanatoka barazani hadi harufu ipungue. Siku umeme ulipokatika alipuliza vilevile, ila kile kiboksi kilikuwa kimya hadi harufu ilipokwisha. Siku nyingine zote za mvua kiliivuta dawa kutoka hewani na kuitia ndani ya maji, povu kwa povu.

Dawa nyingi za mbu za kupuliza majumbani ni ndugu wa pareto, lile ua jeupe ambalo wakulima wa Molo na Mufindi wanalijua. Wanakemia waliiga sumu ya ua hilo ili kupata nyingine zenye nguvu zaidi na zisizoharibika upesi juani. Permethrini, mojawapo ya zinazotumika sana, ilitoka katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973. Huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu hadi atetemeke na kuanguka. Mwili wa binadamu huivunjavunja sumu hiyo haraka. Mwili wa samaki hauwezi, na mikrogramu chache kwa lita moja zinatosha kumuua. Piga hesabu kwa tangi la lita 200: haifiki miligramu moja, uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Hakuna tone wala kadi ya rangi kwenye kisanduku changu cha vipimo inayoweza kuiona. Mbu waliokuwa wakielea walikuwa ushahidi pekee, na mimi nilikuwa nautupa kwenye sinki kila asubuhi.

Usiku ule ule nikaihamishia pampu barazani, mpira wake ukapitia tundu la dirisha. Nikaweka mkaa maalumu wa kuchujia maji ndani ya chujio, nikaendelea na ndoo yangu moja kwa siku. Sikugusa kingine. Wale wanne wakaanza kula siku ya tatu.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni mama mkwe. Utamwambiaje mzazi aliyekuja na chupa yake ya dawa ili wajukuu wasiugue malaria kwamba ndiye aliyewaangamiza samaki wako? Nilinunua chandarua kipya kipana, nikakifunga mwenyewe juu ya kitanda chake, nikajipanga kuanza kwa mbali. Kwanza nikaiomba ile chupa niiangalie. Mimi ninayesoma kila maelezo ya chakula cha samaki, hata tarehe ya kiwandani, sikuwahi kuishika dawa ya mbu ya nyumbani kwangu. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, ilikuwa imeandikwa kwamba ni hatari kwa samaki, na kwamba matangi yafunikwe na pampu izimwe kabla ya kupuliza.

"Mama," nikaanza, "hii dawa..."

"Ndiyo hiyo niliyokuuliza," akanikatiza. "Siku ile nilipofika. Macho yangu si unajua hayaoni maandishi. Nikakwambia, baba, nisomee hapa, isije ikawa na neno kwa samaki wako. Ulikuwa unaangalia simu. Ukanijibu, haina neno, Mama, puliza tu."