Je, Mzee Anayesahau Apumzishwe?

Jamaa wakitambua ya kuwa mama yao ameanza kusahau, kwamba auliza neno lile lile mara tatu kabla ya chakula cha mchana, au ametia chumvi mara mbili katika mchuzi, jambo la kwanza wafanyalo ni kumpumzisha. Kisu chaondolewa mkononi mwake. Jiko lakabidhiwa mkaza mwana. Ukindu aliokuwa akiuchana wafungwa na kuwekwa darini. "Mama, wewe kaa tu," huambiwa, na wasemao hivyo husema kwa mapendo ya kweli. Hatutaki kuwalaumu. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na sisi twauliza ni kwa haki gani mgeni apewe jembe, naye mwenye nyumba anyang'anywe.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili. Kuna usahaulifu mdogo, uzidio ule wa uzee wa kawaida, ambao mwenye nao angali anajimudu: huoga, huvaa, huenda sokoni na kurudi. Kuna na ugonjwa mkubwa uharibuo akili yote. Ule wa kwanza si lazima uishie katika huu wa pili. Wengine hukaa vivyo hivyo miaka mingi, na wapo warudio hali njema. Hao wa kwanza ndio hasa tunaowasemea leo, maana ndio tunaowastaafisha upesi mno.

Fikirini kazi ya kusuka mkeka, kama akina mama wa pwani na visiwani waijuavyo. Sharti ukindu ukaushwe, uchanwe kwa upana mmoja, na sehemu yake ichemshwe katika rangi. Kisha vidole hupishanisha majani, hili juu, lile chini, na jicho huhesabu ili nakshi isipotee. Ukili ukifika urefu wa kutosha, hushonwa ukingo kwa ukingo hata mkeka utokee. Asiyejua hudhani ni kazi ya vidole tu. Walakini ndani yake mna kuhesabu, kuchagua, na kuona nakshi nzima ingali haijatokea. Tena vidole vilivyozoea kazi tangu utoto mara nyingi huendelea kuijua hata pale ulimi unaposhindwa kutaja jina la mjukuu.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Mayo Clinic, huko Marekani, walitangaza habari za wazee 256 wenye umri wa miaka 85 na zaidi, ambao walikuwa na akili timamu walipoanza kuchunguzwa. Baada ya miaka kama minne, 121 kati yao walikuwa wamepatwa na usahaulifu huo mdogo. Wale waliokuwa wakichora au kuchonga tangu umri wa makamo hata uzeeni, hatari yao ilionekana pungufu kwa asilimia 73. Na wale wa ufinyanzi, useremala na kushona, pungufu kwa asilimia 45. Tusirukie neno. Huenda mikono iliilinda akili. Huenda pia akili iliyo imara ndiyo iliyopenda kuchora. Na anayeahidi kwamba mzee aliyekwisha anza kusahau atapona kwa kusuka, huyo anauza dawa ya uongo.

Lakini hata kama asilimia hizo zingekuwa sifuri, sisi tungesema vile vile. Mzee anayesahau huamuliwa mambo yake yote: saa ya kula, saa ya kulala, nguo ya kuvaa. Mbele ya ukili wake ndiye aamuaye kama hapa iingie nyekundu au zambarau. Na mkeka uliofika nusu humngoja yeye asubuhi, wala haumngoji mtu mwingine.

Watu huogopa hatari, na wana haki. Babu aliyekuwa akichonga vigoda asiachiwe tezo akiwa peke yake; tezo ashike kijana, babu aonyeshe, kisha apewe msasa alainishe kiti. Ila tusimpe mtu mzima vitu vya kuchezea watoto ili atulie tu. Na vipi kuhusu wale ambao wangefumua usiku, kwa siri, ukili uliosukwa mchana, ili mama awe na kazi kesho? Nia yao ni njema, nasi hata hivyo hatukubali. Kazi yake itakuwa imegeuzwa kuwa uongo, naye ndiye pekee asiyejua. Heri mkeka uliopinda utandikwe uani uanikiwe mpunga, na mama auone ukitumika.

Kuna na desturi moja tunayotamani ikome, nayo ni mitihani. Wageni wakija, mzee huulizwa mbele yao, "Wanijua mimi nani?" Huinama, hutabasamu kwa aibu. Mwaka 1996, katika nyumba moja ya kutunzia wazee mjini Milwaukee, Anne Basting alikuwa akijaribu kuwakumbusha mambo ya kale watu walioshikwa na ule ugonjwa mkubwa, wala hakufaulu. Siku moja akachana gazetini picha ya mchunga ng'ombe, akaacha kuuliza wanakumbuka nini, akawaomba wamtungie mtu yule jina na habari zake. Waliokuwa kimya wakaanza kusema, hata wakacheka na kuimba.

Kwetu picha hazihitajiki sana, kwa kuwa hadithi zipo. Jioni, bibi akimpeleka sungura mahali ambapo hadithi ya zamani haikumfikisha, mjukuu atapaza sauti, "Bibi, sivyo!" Mama mtu na amnyamazishe kwa upole, kisha amwulize mkwewe, "Ehe, mama, sungura akafanyaje?"