WEMA: TUNAZALIWA NAO AU TUNAFUNDISHWA?



Kijana mmoja aliniuliza ufukoni hapa Vitshumbi: «Shemasi, mtu mwema anazaliwa mwema, au anafundishwa?» Siku ile sikumjibu. Leo ninajibu, na neno hili linaanza kunihukumu mimi mwenyewe.

Tumtazame tilapia wa ziwa letu Edouard. Mama anachukua mayai kinywani, na watoto wakitoka anawalinda humo humo. Hakuna aliyemfundisha. Je, Mungu aliyempa samaki jambo hilo alituacha sisi bila kitu? Hapana. Someni Warumi 2:14-15: hata wasio na torati, sheria imeandikwa mioyoni mwao.

Sasa sikilizeni. Wakati fulani, njaa ikiwa nyumbani, nilikuwa na wavu wa matundu madogo. Nilivua usiku pale samaki wanapozalia. Jioni moja mgeni alipiga hodi. Mtoto wangu wa miaka sita aliruka, akaufunika wavu kwa mkeka, kisha akainamisha kichwa. Sikuwa nimemwambia kamwe kwamba wavu ule ni mbaya. Nikasema moyoni: hii ni dhamiri.

Lakini usiku usingizi ulinikataa. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliufunika hivyo hivyo mara nyingi, naye akiniangalia. Ndugu zangu, aibu ya usoni mwake aliiweka Mungu. Ufundi wa kuficha aliupata kwangu.

Basi jibu ni hili: mbegu ya wema tunazaliwa nayo, lakini mbegu bila mkulima inasongwa na magugu. Papa Simon Kimbangu aliitwa na Mungu, akaanza kazi ya kuponya tarehe 6 Aprili 1921. Hata hivyo, kabla ya siku hiyo alikuwa amefundishwa Neno katika misioni ya Wabatisti. Mwito ulitoka juu. Mafundisho yalipitia kwa watu.

Ndiyo maana tunashika mambo matatu: upendo, amri na kazi. Upendo Mungu ameupanda. Amri tunafundishwa. Kazi ndiyo inayoonyesha kama tumeshika.

Asubuhi nilikata wavu ule mbele ya mtoto. Akauliza: «Papa, tutakula nini?» Swali lake lilinichoma. Tulikula fufu na sombe siku nyingi, na mama wa nyumba alinung'unika. Lakini tukimaliza samaki wadogo leo, watoto wetu watavua nini kesho?

Wazazi, mtoto hangoji siku ya Mungu ili afundishwe. Anafundishwa kila siku, hata tukinyamaza. Mezali 22:6 inatuagiza tumlee katika njia impasayo. Basi sisi tuitembee kwanza. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi.

Kila mmoja leo aangalie kilicho chini ya mkeka wake.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.