Kivuko, Kiapo na Haki ya Aliyeshindwa: Vita vya Isen katika Utunzi wa Tolkien

Katika The Lord of the Rings (1954–1955), riwaya ya kifantasia ya J.R.R. Tolkien, mto Isen unaitenga nchi ya Rohan na Dunland. Mto huo una kivuko ambapo jeshi zima laweza kupita, na ndiyo maana kinapiganiwa mara mbili kwa muda wa juma moja: tarehe 25 Februari na 2 Machi, mwaka 3019 wa Enzi ya Tatu. Riwaya yenyewe inavigusia vita hivyo kwa mbali; maelezo marefu yalichapishwa mwaka 1980 katika Unfinished Tales, baada ya kifo cha mwandishi. Humo inabainika kwamba Saruman aliamuru Théodred, mwana wa pekee wa mfalme wa Rohan, auawe kwa vyovyote vile; naye Théodred alikata roho akitaka angali alindie kivuko.

Ni rahisi uhakiki kuishia kwenye ushujaa huo. Lakini swali zito la kimaadili ni hili: walinzi wa kivuko walikuwa wakilinda haki ya nani? Jibu limo katika kauli ya Gamling, askari mkongwe wa Rohan. Anakiri kwamba watu wa Dunland wana chuki ya miaka mia tano, tangu mabwana wa Gondor walipomkabidhi Eorl nchi hiyo. Saruman, basi, hakuizua chuki, aliikuta, akaichochea.

Baada ya ushindi wa Helm's Deep, Erkenbrand anawaachia mateka wa Dunland. Wanatakiwa kwanza kusaidia kutengeneza walichoharibu, kisha waape kutovuka tena Isen wakiwa na silaha. Mateka wanashangaa, kwa kuwa Saruman aliwaambia kwamba watu wa Rohan huwachoma mateka wakiwa hai. Hii ni rehema ya kweli, na haifai kubezwa.

Hata hivyo, rehema si haki. Erkenbrand anawaambia mateka kwamba walidanganywa; hagusii ardhi. Yaweza kujibiwa kwamba aliyevamiwa na kuchomewa vijiji hana deni kwa mvamizi. Hoja hiyo inatosha kuyalaani mashambulizi, ila haitoshi kuyafuta madai yaliyoyatangulia. Waswahili husema yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Methali hii ni busara inapotamkwa na aliyedhulumiwa. Ikitamkwa na aliyefaidika na hayo yaliyopita, hugeuka kuwa amri ya kunyamaza.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kiapo kinakataza kuvuka kwa silaha tu; hakikatazi kuvuka. Kivuko kwa asili yake ni njia, na ni vita vilivyokigeuza kuwa ukuta. Kiapo kimeiacha njia hiyo wazi kwa atakayekuja kudai kwa maneno kile alichoshindwa kukipata kwa upanga. Kasoro ya amani ya Isen ni kwamba mshindi aliweka sharti la namna ya kuvuka, lakini hakuahidi kumsikiliza atakayevuka.