Chema Kilicholipiwa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona basi Marekani ililazimika kuwalipa madaktari ili waachane na mafaili ya karatasi?

Februari 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kufufua uchumi, na ndani yake lilikuwamo fungu la rekodi za afya za kielektroniki. Daktari aliyehudumia wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, angeweza kupata hadi dola 44,000 kwa miaka mitano. Ambaye hakutimiza masharti angeanza kukatwa malipo mwaka 2015. Mwaka 2008, hospitali chini ya 1 kati ya 10 zilikuwa na mfumo wa msingi. Kufikia 2015 zilizidi 8 kati ya 10.

Wapo wanaoiita hiyo rushwa halali. Sikubaliani nao. Gharama aliibeba daktari, ilhali sehemu kubwa ya faida ilimwendea mgonjwa, anayeepushwa na dawa inayomdhuru, na bima, isiyolipia kipimo kilekile mara mbili. Chema hakijiuzi pale mnunuzi asipokuwa mfaidi. Kumfidia ni haki.

Ninachokitilia shaka ni sharti. Fedha zilitolewa kwa "matumizi yenye maana", na maana ikawekewa vipimo. Kimojawapo: zaidi ya nusu ya wagonjwa wa miaka 13 na kuendelea waandikwe kama wanavuta sigara au la. Hapo namkumbuka Kant na mwenye duka wake, asiyempandishia mtoto bei kwa kuwa uaminifu unalinda biashara. Kwa Kant, tendo hilo halina thamani ya kimaadili. Lakini mtoto amelipa bei halali. Ukiwa mgonjwa, nia ya anayekuuliza inakuhusu nini?

Nadhani inakuhusu ukishajibu. "Navuta, tangu mume wangu afariki" ni majibu mawili, na kisanduku kina nafasi ya moja. Fedha zilinunua swali, hazikununua sikio. Utafiti mmoja wa 2016 nchini humo ulionyesha kwamba kwa kila saa moja ya daktari na mgonjwa, karibu saa mbili ziliishia kwenye kompyuta na kazi za mezani.

Serikali ina haki ya kulipia mashine. Ikianza kulipia maana, kisichohesabika hakipigwi marufuku. Kinakosa muda tu. Na hata daktari mwema anaweza asijue alikiacha lini.