Uwanja wa Mtoto Si Ardhi Tupu

Apitaye Manzese au Tandale, jijini Dar es Salaam, wakati wa alasiri, huwaona watoto wakicheza rede na gololi vichochoroni, baina ya mitaro ya maji machafu na pikipiki ziendazo kasi. Mpira ukikimbilia barabarani, mtoto huufuata. Ajali itokeapo, husemwa kwamba hakufunzwa adabu. Je, kosa ni lake, au ni letu sisi watu wazima tuliogawana ardhi yote tukalisahau fungu lake?

Wapo wasemao kuwa mchezo ni anasa, na kwamba maskini atangulize maji na choo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mchezo nao ni malezi. Katika kombolela mtoto hujifunza kungoja zamu, kukubali kushindwa, na kujihatarisha ili awakomboe wenziwe. Chumba kimoja cha kupanga hakina nafasi ya mafunzo hayo. Mtoto wa tajiri ana ua wa kwao. Wa maskini ana uwanja wa wote tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeutambua mchezo kuwa ni haki, wala haukusema ni haki ya wenye nyua.

Basi uwanja ulio salama ni upi? Usalama si ukuta, kwani ukuta humficha mtoto machoni pa wamleao. Uwanja na uwe mbele ya milango, mama apikaye amwone mwanawe. Vigingi vizuie magari, mitaro ifunikwe, chini ya bembea umwagwe mchanga mwingi ulio laini, wadogo watengewe mahali mbali na vijana wapigao mpira, na mwembe uachwe utoe kivuli. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji majirani wanaojuana, maana mkono mmoja haulei mwana.

Mimi niliyetumika ofisini miaka mingi najua jinsi uwanja wa wazi uonekanavyo katika ramani: ni pengo jeupe, nalo humshawishi mwenye kalamu aligawe kwa mwombaji wa kwanza. Tusidanganyike. Pengo lile lina mwenyewe, ila hajajua bado kuandika barua ya malalamiko. Kumpokonya asiyeweza kulalamika ni dhuluma iliyo nzito kuliko zote.