Haki ya Msafiri Asiyejua Bei

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya bara, akiisha kupita Malindi, Garsen, Witu na Hindi, na kukata mwendo wa zaidi ya kilomita 300, hufika Mokowe, na hapo barabara humwishia; mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni kisiwa cha Lamu, ambacho mji wake wa kale hauingiliki kwa gari, vichochoro vyake vikiwa ni vya punda na waendao kwa miguu. Ashukapo basini, vumbi halijamtoka, huzungukwa na watu: huyu amwita botini, huyu amshikia mzigo, huyu amtajia nyumba ya kulala. Yeye hajui kwamba ipo boti ya abiria, iondokayo ikijaa, kwa nauli walipayo watu wa visiwani, na ipo boti ya kukodi, ambayo bei yake ni ya maelewano. Hajui ujira wa kawaida wa hamali, wala hajui kama maji yajaa au yapwa. Katika muda mfupi huo ndipo lizukapo swali ambalo naliona ni la dini kabla ya kuwa la biashara: je, kutojua kwa msafiri ni mali ya halali kwa yule ajuaye?

Jawabu lisikiwalo aghalabu ni kwamba bei ni taradhi. Mwenye boti ametaja, mgeni amekubali, hakuna aliyemlazimisha. Basi kosa li wapi? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani sharia yenyewe imeijenga biashara juu ya ridhaa ya pande mbili. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni. Na wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani hii, wakaamua kwamba mwenye msafara aliyeuza hivyo, kisha akafika sokoni na kutambua kuwa amepunjika, anayo hiari ya kuuvunja uuzaji ule. Na aizingatie msomaji hukumu hiyo: mtu yule aliridhia kwa ulimi wake mwenyewe, na juu ya hayo ridhaa yake haikuhesabiwa kuwa timamu, kwa kuwa ilitoka katika ujinga ambao mwenziwe aliujua na akaukimbilia. Baina ya kuulaki msafara njiani na kulilaki basi kituoni mimi naona tofauti moja tu, nayo yaongeza uzito wa jambo: bidhaa iliyouzwa yaweza kurudishwa, ama safari iliyokwisha safiriwa hairudishwi, maana manufaa yake yamekwisha pale boti ilipogusa ngazi za Lamu. Kwa hivyo haki ya msafiri haiwezi kungojea hiari ya baadaye. Sharti itangulie, nayo ni kuambiwa kweli kabla hajatia mguu chomboni.

Huenda mtu akasema kwamba mgeni huyu ni tajiri, ametoka Ulaya au Nairobi, na fedha kidogo hazitamdhuru. Kurani Tukufu, katika Sura ya Tawba, aya ya 60, yataja mafungu 8 ya wastahikio zaka, na la mwisho ni la mwana wa njia, msafiri aliyekatikiwa, hata awe kwao ni mtu wa mali nyingi. Uhitaji wake watokana na kutengana na alicho nacho. Na kitu cha kwanza ambacho kila msafiri hutengana nacho, kabla ya fedha, ni maarifa ya mahali. Aliyekuwa bingwa wa soko la kwao huwa mtoto mbele ya soko la wengine, na mali ya mtoto yajulikana ilivyo nzito kuila.

Pwani hii iliyajua hayo zamani. Ibn Battuta, alipoipitia mwaka 1331, aliikuta Mogadishu na ada yake: jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mwenyeji huyo ndiye amuuziaye na amnunuliaye. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara ile kwa watu wa mji haikukubaliwa. Mji ule uliishi kwa biashara, na bila shaka ulipenda faida kama miji yote, ilhali ulimpa mgeni mtu wa kujua kwa niaba yake, na ukaifanya kweli ya bei kuwa sehemu ya ukarimu pamoja na chakula.

Sisemi haya kwa kumdharau nahodha wa Mokowe. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 zilifuata amri za kutotoka usiku, mabasi yakasindikizwa na askari, wageni wakapungua, na watoto nyumbani walihitaji kula vile vile. Ujira wake ni haki kamili, na msafiri aijuaye bei kisha akang'ang'ania kuishusha chini ya gharama ya mafuta naye ni dhalimu. Atakaye boti peke yake na aikodi na ailipie. Lililo haramu machoni pangu ni kumficha mtu kwamba alikuwa na njia mbili.

Nao wageni watazidi, kwa kuwa gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa mwezi wa Mei 2021, i jirani na Mokowe. Nawasihi wenye boti, wazee wa jeti na wakuu wa kaunti: nauli ya abiria, bei ya kukodi na ujira wa hamali viandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo mgeni atavisoma kabla ya kuteremka ngazi, na yeyote atakayeulizwa bei na asiyejua aseme ile anayoilipa mwenyewe.